Namna ya Kucheza Phantasmagoria Leo, Sura kwa Sura na Bila Haraka

Naanza na onyo, maana wengi huliruka halafu wanakwazika. Phantasmagoria ni mchezo wa kompyuta wa watu wazima, tena wazima kweli. Una mauaji yaliyoigizwa na watu halisi mbele ya kamera, na katikati yake kuna tukio la mume kumbaka mkewe. Kama kuna mtoto nyumbani, usiucheze sebuleni. Kama wewe mwenyewe mambo ya namna hii yanakurudisha mahali ambapo hutaki kurudi, soma kwanza sehemu ya maudhui hapa chini, ndipo uamue.

Kwa anayebaki, huu ni mmojawapo wa michezo ninayoipenda kuliko yote iliyotengenezwa miaka ile ya sidii, na nimewafundisha watu kadhaa kuucheza. Karibu wote walioacha njiani waliacha kwa sababu moja: waliucheza mbiombio, kama mafumbo ya kumaliza na kuondoka. Ukiuendea hivyo, unaisha upesi na hauna ladha. Ukiutazama kama filamu ambayo wewe ndiye unayeamua mwigizaji aende chumba gani, jumba lile litakushika.

Ulitoka mwaka 1995, ukiwa kazi ya kampuni ya Sierra On-Line iliyokuwa na studio Oakhurst, California. Aliyeubuni ni Roberta Williams, mama wa mchezo wa King's Quest wa mwaka 1984, na watu walimjua kwa hadithi za wafalme na majoka ambazo familia nzima hucheza pamoja. Safari hii aliandika mswada wa kurasa takriban 550, mara kadhaa ya mswada wa filamu ya kawaida. Waigizaji walipigwa picha mbele ya pazia la rangi moja, kisha wakapachikwa ndani ya vyumba vilivyochorwa kwa kompyuta. Gharama ilifika kama dola milioni 4.5, na kazi nzima ikajaza diski 7, diski moja kwa kila sura.

Kisa chenyewe si kirefu kukieleza. Adrienne Delaney, mwandishi wa riwaya, na mumewe Don Gordon, mpiga picha, wamenunua jumba kubwa la kale nje ya mji mdogo uitwao Nipawomsett. Katika karne ya 19 jumba hilo lilikuwa la Zoltan Carnovasch, mfanya mazingaombwe aliyejulikana jukwaani kwa jina la Carno. Wake zake walikufa mmoja baada ya mwingine. Wewe unamwongoza Adrienne.

Kuupata na kuufungua

Njia nyepesi ni kuununua GOG, duka la michezo la mtandaoni. Nakala yao imeshaunganisha diski zote saba, kwa hiyo hutasumbuliwa na ule ujumbe wa zamani wa kukutaka ubadilishe diski kila sura inapoisha. Isakinishe, ifungue, inafanya kazi. Inaendeshwa kwa DOSBox, programu inayoigiza kompyuta za zamani, na kuna vitufe vitatu vya kukumbuka: Alt na Enter kujaza skrini au kurudisha dirisha dogo, Ctrl na F10 kuiachilia mausi ikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F12 kuongeza kasi video zikianza kukwamakwama.

Mimi lakini nashauri ScummVM. Ni programu ya bure, na inaendesha mchezo huu vizuri kuliko DOSBox kwenye kompyuta nyingi za sasa. Baada ya kusakinisha nakala ya GOG, fungua ScummVM, bonyeza kitufe cha kuongeza mchezo, elekeza kwenye folda ulimosakinisha. Itautambua yenyewe. Mwenye diski za asili naye anaweza kuzitumia, ila asikurupuke kumwaga kila kitu kwenye folda moja. Kila diski ina faili zake za RESMAP na RESSCI zenye namba ya diski mwishoni, 001 hadi 007, na maelezo ya ScummVM yanataja faili za kunakili. Yafuate kama yalivyo.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya mchezo humo humo ndani ya ScummVM. Utakuta mahali pa kuchagua kama video zichorwe na mistari myeusi au la. Chanzo chake ni hiki: kompyuta za mwaka 1995 hazikuwa na nguvu ya kuonyesha video inayojaza skrini, kwa hiyo Sierra waliruka mstari mmoja kati ya kila miwili na kuuacha mweusi. Jicho lilijaza pengo, na picha ikaonekana kali kuliko ilivyokuwa. Ukiiondoa mistari, video inakuwa laini lakini nyuso zinafifia, na mwili wa Adrienne unaonekana umebandikwa juu ya chumba. Mimi huiacha. Ukiwa umekaa hatua mbili kutoka kwenye skrini hutaiona tena baada ya dakika chache, na sura za waigizaji zitakuwa na uhai. Anayecheza kwenye laptopu, pua ikiwa karibu na kioo, huenda akapenda kuiondoa. Jaribu zote mbili katika chumba cha kwanza.

Vaa hedifoni. Mazungumzo ni ya kusikilizwa, na nusu ya hofu ya mchezo huu iko kwenye sauti: mlango unaolia mbali, kwaya inayoimba mwanzoni, ukimya wa korido za ghorofani.

Maudhui, na swichi ya kuyaficha

Watengenezaji walijua wanachokifanya. Ndani ya mchezo waliweka mpangilio wa kuficha picha za ukatili, unaofungwa kwa neno la siri. Kama unacheza na mtu asiyependa damu, uwashe tangu mwanzo. Hadithi haipungui, ila macho yanapumzika.

Ukali wake ulileta kishindo. Mwaka 1993 Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limefanya vikao kuhusu ukatili kwenye michezo ya video, na mmojawapo wa michezo iliyooneshwa humo ulikuwa Night Trap, nao wa video zenye waigizaji halisi. Vikao hivyo ndivyo vilivyosukuma kuundwa kwa ESRB mwaka 1994, chombo cha kupanga michezo kwa umri. Phantasmagoria ulipotoka mwaka mmoja baadaye ukapewa alama ya M, yaani wa wenye miaka 17 na kuendelea. Australia iliukatalia kibali cha kuuzwa kabisa, na hata Marekani kwenyewe duka kubwa la CompUSA halikutaka kuuweka rafuni.

Sasa lile tukio la ubakaji. Halikuombi ubofye chochote. Linaanza na kwenda lenyewe, na wewe unabaki mtazamaji. Ni fupi, wala halikuwekwa kwa ajili ya kufurahisha mtu. Linaonyesha kwamba mwanamume aliyekuwa mpole katika sura ya kwanza ameshikwa na kitu kingine, na kuanzia hapo Adrienne hayuko salama ndani ya nyumba yake. Nalitetea kama sehemu ya hadithi, lakini simlazimishi mtu kulitazama. Chini ya skrini kuna kitufe cha kusogeza video mbele. Kibonyeze, na hutapoteza lolote la kukusaidia kumaliza mchezo. Ukicheza na mwenzako, mwambie mapema kwamba lipo. Ni adabu tu.

Namna ya kushika mchezo

Hakuna cha kujifunza kwa muda mrefu. Una kishale kimoja na kitufe kimoja cha mausi. Kishale kikipita juu ya kitu kinachoweza kuguswa, kinageuka chekundu. Bofya, na Adrienne atakwenda, atafungua, atachungulia, ataketi. Vitu unavyookota hukaa kwenye visanduku vya chini ya skrini. Ukitaka kukitumia kitu, kibofye kwanza kisha bofya mahali pa kukitumia. Pale chini kuna alama ya jicho pia: peleka kitu hapo, utakiona kwa ukubwa. Fanya hivyo kwa kila kitu kipya, hata kama unadhani unakijua.

Upande mwingine kuna fuvu jekundu. Hilo ndilo msaidizi wako. Ukilibofya linakwambia jambo linalofuata, kwa sentensi moja. Wapo wanaoona kulitumia ni kushindwa, na sikubaliani nao hata kidogo. Mafumbo ya mchezo huu ni mepesi, na Roberta Williams alikusudia hivyo ili watu ambao hawajawahi kucheza waweze kuufikia mwisho. Ukizunguka jumba zima na hakuna kipya kilichotokea, liulize fuvu, endelea.

Kutumia fuvu kila baada ya dakika tano, hilo ndilo nakukataza. Hapo utakuwa unafuata maagizo, na utapita mbele ya vitu bora vilivyomo humu bila kuviona. Video nyingi hazihitajiki kumaliza mchezo. Zimewekwa kwa ajili ya mwenye subira: Adrienne akijitazama kwenye kioo, akitazama nje dirishani, akigusa kitanda. Vyumba ni vile vile sura zote, ila yeye hawi yule yule, wala Don. Mlango uliofunguka jana leo una komeo. Mtu aliyekusalimia vizuri asubuhi, ukimsogelea leo anakukaripia. Anayerudia vyumba ndiye anayeyaona haya.

Chukua kioo kama mfano. Katika sura ya kwanza, mpeleke Adrienne chumbani, bofya kioo, umtazame mpaka video iishe. Ni mwanamke aliyehamia nyumba mpya, ameridhika na maisha yake. Usiibonyeze mbele. Ziangalie mikono na mabega. Kisha uwe na desturi ya kurudi mbele ya vioo kila sura inapoanza, kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Victoria Morsell, aliyeigiza Adrienne, alifanya kazi ngumu sana: kucheza mbele ya pazia tupu, bila chumba, mara nyingi bila mwenzake, na kila kipande kikianzia na kuishia katika mkao unaofanana ili vipande viweze kuungana kwa mpangilio wowote atakaouchagua mchezaji. Ndiyo maana pia Adrienne anaonekana siku zote na shati lile lile la rangi ya machungwa na suruali yake nyeusi. Angebadilisha nguo, mamia ya vipande yangehitaji kurekodiwa upya. Ukilijua hilo, shati halikusumbui tena, na unaanza kuona ni kiasi gani cha hadithi amekibeba kwa uso na mgongo peke yake.

Sura ya kwanza, na kwa nini uikawilishe

Sura hii ndiyo ramani yako. Tembea jumba zima kabla ya kutoka nje: jikoni, chumba cha kulia, maktaba, jumba la maonyesho la Carno, chumba cha watoto, bustani ya ndani yenye paa la vioo. Jifunze ngazi ipi inakwenda wapi, maana mwisho wa mchezo utahitaji kulijua hilo bila kufikiri.

Zungumza na Don mpaka maneno yaishe. Yuko na chumba chake cha kusafishia picha, na atakuomba dawa ya kuzibua bomba la sinki. Inaonekana shughuli ndogo ya nyumbani tu, lakini usiichukulie hivyo. Nenda mjini kwa gari, ingia dukani, ongea na watu. Wanaujua umbea wa jumba kuliko wanavyotaka kukiri, na maneno yao yatakurudia akilini baadaye.

Ukirudi, kagua maktaba kwa makini, hasa mahali pa kuotea moto. Nyuma yake kuna njia ya kufikia kanisa dogo lililofichwa. Ndani yake kuna sanduku. Sura haiishi mpaka Adrienne alifungue, hata ukijua kwamba hapaswi. Keti utazame video yote, na uangalie nini kinatoka na kinakwenda wapi.

Sura za kati

Hapa sitakuongoza hatua kwa hatua, kwa sababu ningekuharibia. Nitakupa mambo machache tu ya kuzingatia.

Ndani ya banda utakutana na Harriet na mwanawe Cyrus, watu wasio na makazi. Wachezaji wengi huwaona kama vichekesho vya kupitisha wakati. Waongeleshe kila unapowakuta. Cyrus ni mtu mwema kuliko karibu wote waliomo humu.

Maono ya wake wa Carno huja sehemu mbalimbali za jumba, kila mke mahali alipofia. La Hortencia liko kwenye bustani ya vioo, na ndilo litakalokuonyesha kama utavumilia mengine. La Regina, aliyelazimishwa kula, ndilo baya kuliko yote kwa maoni yangu. Ukihisi tumbo limekaza kwenye la Hortencia, washa swichi ya kuficha ukatili kabla hujafika kwa Regina.

Mjini yupo mzee sana aitwaye Malcolm, ambaye utotoni alikuwa msaidizi wa Carno. Ukipata nafasi ya kuongea naye, usibonyeze mbele hata neno moja. Maelezo ya kumaliza jambo lililoanzia kwenye lile sanduku yanatoka kwake, na mchezo hautakukumbusha tena.

Na mtembelee Don kila sura, hata anapokufukuza. Mume anabadilika kidogo kidogo, na ukimkimbia kwa sura mbili tatu, mabadiliko yatakuja kwako kama ajali.

Kila sura huchukua saa moja hivi kwa anayetembea polepole. Mimi hucheza moja kwa usiku, kisha nazima. Zikiunganishwa tatu kwa mkupuo, maono yanaanza kufanana na kuzoeleka. Tukiwa wawili, mmoja hushika mausi sura nzima bila kupokonywa, na mwingine hutazama pembe za vyumba. Mtazamaji huona vitu ambavyo mwenye mausi hupita.

Sura ya saba

Sasa sahau yote niliyosema kuhusu kutokuwa na haraka. Sura ya mwisho ni kukimbizwa. Don si mtu tena, na kila skrini inakupa muda mfupi wa kubofya kabla hajakufikia. Weka mkono kwenye mausi video inapocheza, maana kishale kitarudi ghafla na hutapewa ishara.

Utakufa. Kila kifo kilirekodiwa kama tukio kamili, na vingine ni vikali kuliko maono ya wake. Usijilaumu, anza tena hapo ulipokwamia. Ukishindwa mahali pamoja mara nyingi, tatizo kwa kawaida ni uelekeo, wala si kasi: unakimbilia chumba kisicho na njia ya pili ya kutokea. Ndiyo maana nilikuambia ujifunze ngazi na korido mapema.

Kabla ya kuingia sura hii, fungua visanduku vyako na ukague kila kitu kwa alama ya jicho. Utafika mahali ambapo nguvu na mbio hazitasaidia kitu. Hapo fikiria Don alikuwa nani katika sura ya kwanza, na ni kitu gani kati ya ulivyonavyo kinaweza kumkumbusha siku zile. Ukikitumia, una sekunde chache tu za kufanya jambo la pili, kwa hiyo uwe umeshaangalia mikono ya Adrienne iko wapi na kilicho karibu nayo ni nini.

Ukimaliza

Upo mchezo wa pili wenye jina hilohilo, A Puzzle of Flesh wa mwaka 1996, ulioandikwa na Lorelei Shannon. Hadithi yake ni nyingine kabisa, watu wengine, mahali pengine. Usiutafute kwa ajili ya Adrienne. Anayependa mafumbo mazito zaidi na damu kidogo, namwelekeza kwenye The Beast Within wa Jane Jensen, nao wa Sierra, nao wa mwaka 1995, uliojengwa kwa njia hii hii ya waigizaji na video. ScummVM inaifungua yote miwili kwa hatua zilezile: sakinisha, ongeza mchezo, elekeza folda. Kwa The Beast Within tafuta daftari na kalamu kabla hujakaa, maana barua na kumbukumbu za maktaba ni nyingi, na majina ya Kijerumani humo yanachanganya usipoyaandika.